Boneti ya faiba kabla ya rangi: mwongozo kwa mafundi bodi wa Dodoma

Boneti ya faiba ikirudi gereji na ufa uleule miezi michache baada ya kupakwa, mara nyingi rangi haina kosa. Ufa ulijazwa puti kwa juu, ukapigwa msasa, ukang'arishwa, na chini ya puti nyuzi zikabaki zimekatika vilevile. Puti haibebi boneti, inajaza bonde tu. Kinachobeba ni nyuzi za kioo zilizolowa rezini, yaani gundi ya maji inayoganda na kuwa ngumu, na hizo huwekwa upande wa chini, mahali ambapo mwenye gari haangalii siku anayokuja kuchukua gari lake. Kwa hiyo tunaanzia huko chini na kupanda hadi praima ya mwisho, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, tukifuata hali ya hapa Dodoma: jua, upepo wa mchana, vumbi, na maji ya visima yenye chumvi.

Kazi hizi zipo na zinaongezeka. Vijana wenye Subaru Impreza na Altezza hununua boneti za faiba zenye tundu la hewa. Malori ya Kimarekani yenye pua, kama Freightliner, yanayotoka bandari ya Dar es Salaam na kupita hapa kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, nayo yana boneti za faiba kubwa zinazofunguka kuelekea mbele, na kila tuta la barabarani linazitikisa. Njia ya kazi ni moja, isipokuwa pale nitakapotofautisha.

Jua unachoshika, na jua kilicholeta ufa

Sumaku hainati kwenye faiba. Ila hainati kwenye aluminiamu pia, na yapo magari yenye boneti za aluminiamu, kwa hiyo usiishie kwenye sumaku. Gonga kwa kucha: aluminiamu inalia, faiba inatoa sauti butu. Geuza boneti, kwaruza rangi kidogo kwenye kona ya ndani. Ukiona nyuzi zimelala ndani ya kitu kigumu kinachopitisha mwanga kidogo, ni faiba.

Sasa soma ufa. Ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti ya bawaba maana yake bolti ilikazwa kupita kiasi, au bawaba imekwama kwa kutu na boneti ndiyo inayopinda badala yake. Ufa wa mbele katikati, karibu na loki, mara nyingi umetokana na watu kufunga kwa kubamiza au kukandamiza kwa kiganja. Nyufa nyembamba za duara zilizotawanyika kama utando wa buibui zinasema kitu kiligonga, au mtu alikalia. Kwenye malori, ufa hufuata mpira wa kuegemeza boneti uliokwisha: mpira ukiisha, boneti inapigapiga kwenye fremu njia nzima. Andika chanzo hicho mahali, maana usipokitengeneza, kazi yote inayofuata ni ya muda tu.

Chukua sarafu ya shilingi 200 ugonge taratibu kuzunguka ufa. Sauti ikififia ghafla, tabaka za ndani zimeachana hapo hata kama juu hapaonyeshi kitu. Zungushia chaki. Usitumie maka peni, kwa sababu wino wake hupenya praima na kutokea kwenye rangi nyeupe.

Vitu vya kununua, na tofauti ya rezini

Rezini za kawaida ni mbili. Poliesta ni ya bei nafuu, hukauka haraka, huchanganywa na matone machache ya katalisti, dawa inayoifanya igande. Epoksi ni ghali, huchukua muda, huchanganywa na hadina yake (dawa yake ya kukaushia) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na inashika zaidi. Epoksi hukaa vizuri juu ya poliesta ya zamani iliyopigwa msasa. Kinyume chake si kizuri: poliesta juu ya epoksi hushika vibaya. Ukianza na epoksi, endelea nayo mpaka umalize tabaka za nyuzi.

Ushauri wangu ni huu. Boneti ya dukani ya gari dogo, poliesta inatosha. Boneti ya lori iliyotengenezwa kiwandani kwa kukandamizwa kwenye mashine, tumia epoksi, kwa sababu faiba ya aina hiyo poliesta haiishiki vya kutosha na lori halina huruma.

Nyuzi zinakuja kwa namna mbili: mkeka wa nyuzi fupi zilizotawanywa, na kitambaa kilichofumwa. Mkeka umeshikanishwa na gundi ambayo huyeyushwa na stairini, kemikali iliyomo kwenye poliesta. Epoksi haina stairini, ndiyo maana mkeka ukiwekwa kwenye epoksi hubaki mgumu na kukataa kulala kwenye kona. Poliesta na mkeka. Epoksi na kitambaa. Kwa boneti, mkeka wa gramu 300 au 450 kwa mita ya mraba unafaa.

Vingine ni grainda yenye diski ya msasa, misasa ya namba 40, 80, 120, 180, 320, 400 na 600, asetoni ya kusafishia brashi, brashi za bei rahisi, rola ndogo ya chuma yenye mifereji kama utaipata, mizani ndogo ya jikoni, na bomba la sindano kutoka duka la dawa la kupimia katalisti. Nunua rezini kidogokidogo. Chumba cha bati kikipigwa na jua la Oktoba na Novemba, rezini huganda ndani ya kopo lake bila kuchanganywa na kitu chochote. Weka kopo chini, kwenye kivuli, na kabla ya kununua tikisa usikie kama bado ni maji.

Mwili wako kwanza

Vumbi la faiba ni vipande vidogo sana vya kioo. Vaa mikono mirefu, funga vifundo vya mikono kwa seloteipu, miwani, na barakoa ya vumbi inayobana uso. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii. Ukimaliza, oga maji ya baridi. Usijisugue kabla ya kujimwagia maji, utazisukuma nyuzi ndani ya ngozi. Nguo za kazi zibaki gereji, usiende nazo nyumbani ukampakate mtoto.

Wakati wa rezini na praima barakoa ya vumbi haisaidii; inatakiwa ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Hadina ya rangi na praima za 2K, zile zinazochanganywa na hadina kabla ya kupigwa, ina kemikali iitwayo isosianeti, na hiyo inaweza kuleta pumu ambayo mtu hubaki nayo maisha yake yote. Gereji nyingi hupiga 2K na mdomo uko wazi, na inaniumiza kuona hivyo, kwa sababu barakoa hiyo haifikii gharama ya kulazwa hata mara moja.

Katalisti ya poliesta ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Vaa miwani hata unapopima matone mawili. Na hili lisikike vizuri: rezini nyingine huuzwa bila kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, ndani yake; kobalti inakuja kwenye chupa ya pembeni. Katalisti na kobalti zisikutane zenyewe kamwe, zinaweza kulipuka. Kobalti inaingia kwenye rezini kwanza, inakorogwa mpaka inaisha kabisa, ndipo katalisti inafuata. Muulize muuzaji rezini yako ni ya aina gani kabla hujaondoka dukani.

Hatua ya 1: Osha kabla ya msasa

Boneti mpya inatoka kwenye moldi, yaani umbo la kuitengenezea, ikiwa na nta iliyopakwa ili isigande. Ukianza na msasa, unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo na rangi itakuja kubanduka kwa maganda. Osha kwa sabuni ya kuoshea vyombo na spongi ngumu, suuza, kausha. Kisha futa kwa dawa ya kuondoa grisi, vitambaa viwili: kimoja kinapaka, cha pili kinafuta kabla dawa haijakauka. Kitambaa kikichafuka, badili.

Jaribu kwa maji. Yakitandaa boneti nzima bila kukatika, ni safi. Yakijikusanya matone, nta bado ipo, rudia.

Boneti ya zamani yenye rangi, usiweke dawa ya kuchubulia rangi. Dawa hiyo inakula rezini kama inavyokula rangi. Toa kwa msasa namba 80 kisha 120, kwa mkono au mashine ndogo, na usishinde sehemu moja mpaka ipate moto.

Hatua ya 2: Chimba ufa mpaka mwisho wake

Kwenye ncha za ufa toboa tundu la milimita 3, ili ufa usiendelee mbele. Weka boneti kifudifudi juu ya matairi mawili yaliyofunikwa gunia, hakikisha imekaa kwa umbo lake na haijapinda. Kama ufa umeiachanisha, iweke sawa kwa juu kwanza kwa vipande vya bati au mbao na skrubu ndogo. Matundu yake utayaziba baadaye.

Upande wa chini, saga kwa namba 40 kufuata ufa, ukitengeneza bonde pana lenye mteremko mdogo. Kipimo kinachokubalika na wengi ni upana mara 12 ya unene: boneti ya unene wa milimita 3, mteremko uanze karibu sentimita 4 kutoka kwenye ufa, kila upande. Mafundi wengi wanachimba mfereji mwembamba, na hapo ndipo kiraka kinapobanduka, kwa sababu nguvu inaenea kwenye eneo la mteremko, si kwenye kina. Kila sehemu yenye sauti iliyofifia uliyozungushia chaki, saga mpaka upate faiba ngumu. Nyuzi zikionekana nyeupe na kavu, hapo rezini imekufa, endelea. Kama mafuta ya injini yamewahi kuingia kwenye ufa, futa na dawa ya grisi kabla ya kusaga na tena baada ya kusaga.

Upande wa juu, fungua ufa kidogo kwa umbo la V. Kwenye nyufa za utando wa buibui, saga tabaka la juu lote mpaka nyufa zipotee, hata kama eneo linakuwa kubwa kuliko ulivyotaka. Ufa uliobaki chini ya puti utajitokeza tena.

Hatua ya 3: Tabaka za nyuzi

Kata vipande vya mkeka kabla ya kuchanganya rezini. Kikubwa kifunike mteremko wote, cha pili kiwe kidogo, cha tatu kidogo zaidi. Anza na kikubwa. Kinagusa eneo lote la kushikia, na baadaye ukisaga juu unakata vile vidogo tu.

Kadiria rezini kwa hesabu badala ya macho. Kiraka cha sentimita 20 kwa 20 cha mkeka wa gramu 450 kina gramu 18 za nyuzi. Tabaka tatu ni gramu 54, tuseme vyote vingekuwa saizi moja. Rezini inayotakiwa kwa mkeka ni mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa nyuzi, yaani kama gramu 120. Katalisti asilimia 1 hadi 2. Kwenye joto la mchana wa hapa kaa kwenye 1 hadi 1.5, yaani mililita 1.2 hadi 1.8 kwa gramu hizo 120. Kila tabaka la gramu 450 likikauka linakupa karibu milimita moja ya unene.

Usizidishe katalisti ukitaka ikauke haraka. Inachemka, inakuwa dhaifu na kupasuka. Na usipunguze chini ya asilimia 1 kwa kuogopa joto, haitakauka ndani. Badala yake fanya kazi asubuhi. Kwa epoksi usicheze na kipimo hata kidogo, haina nafasi ya kuongeza wala kupunguza. Changanya kikopo kidogo cha majaribio kwanza uone siku hiyo inakupa dakika ngapi. Rezini iliyobaki kwenye kopo imwage kwenye bati pana iliyo nje. Ikiwa nyingi kwenye kopo hupata moto mpaka ikatoa moshi.

Paka rezini kwenye bonde, laza kipande cha kwanza, kisha chomachoma kwa ncha ya brashi. Usivute brashi, utavuta nyuzi. Mkeka ulio mweupe unageuka na kuwa wa kuonyesha chini. Palipobaki peupe pana hewa au pakavu. Pitisha rola kutoka katikati kwenda nje. Laza cha pili na cha tatu kabla cha kwanza hakijaganda. Mwisho funika kwa nailoni nene iliyonyooka na usukume mapovu nje. Poliesta ya kawaida ikikutana na hewa inabaki na gundi juu, nailoni inazuia hilo.

Acha mpaka kesho. Inaonekana ngumu baada ya saa chache, lakini ukiisaga siku hiyo msasa unaziba na kiraka kinavutika. Kama ni epoksi, asubuhi osha utando wa mafuta uliokaa juu kwa maji safi na spongi ngumu kabla ya msasa. Ni kitu kidogo, ila ukikiacha praima haishiki.

Geuza boneti. Kwenye V ya juu jaza puti yenye nyuzi ndani yake, ile ya kijani au ya kijivu yenye vinywele, badala ya puti laini. Hapa puti laini haijafika wakati wake.

Hatua ya 4: Bawaba na loki

Kama tundu la bolti limelegea au limetafunwa, saga pande zote mbili, ongeza tabaka mbili au tatu za nyuzi, kisha toboa upya. Weka washa pana, au kibati cha unene wa milimita 2 chenye kona zilizozungushwa, ili bolti isikandamize sehemu moja. Kaza kwa mkono mwepesi. Bawaba zilizokwama zitoe, zisafishe kutu, zipake grisi. Badili mipira ya kuegemeza iliyokwisha.

Loki ya asili ya gari ilitengenezwa kwa boneti ya bati. Kwenye boneti ya faiba ya dukani ni busara kuongeza pini mbili za boneti upande wa mbele. Boneti iliyofumuka gari likiwa kasi kwenye barabara ya Morogoro inafunika kioo chote, na dereva haoni tena mbele.

Sasa funga boneti kwenye gari, ndiyo, kabla ya puti laini na kabla ya praima. Angalia nafasi kati ya boneti na madigadi pande zote mbili, mbele na nyuma. Boneti za dukani huja na kona iliyoinuka au upande mrefu kuliko mwingine. Palipozidi saga, palipopungua ongeza nyuzi na rezini. Ukisubiri mpaka rangi ipakwe ndipo ugundue haifungi, utaisaga na rangi yake.

Hatua ya 5: Iache juani

Mwenye gari hapendi hatua hii, lakini ndiyo inayotofautisha boneti inayokaa na boneti inayoharibika. Poliesta huendelea kukauka na kusinyaa kwa siku nyingi. Ukiifunga kwa rangi mapema, joto la injini na jua vinamalizia kazi hiyo chini ya rangi, na alama za mkeka zinajitokeza juu ya boneti iliyokuwa nyororo.

Boneti mpya au kiraka kikubwa, kiache juani wiki moja hadi mbili. Boneti iwe imefungwa kwenye gari, imeshuka, imekaa kwenye mipira yake. Usiiegemeze ukutani juani. Faiba ikipata joto hulegea kidogo, na itachukua umbo la namna ulivyoiegemeza. Kama ni kiangazi, mwambie mwenye gari alitembelee hivyohivyo. "Bosi, tembea nalo kwanza, lirudi wiki ijayo, joto la injini linanisaidia." Wengi wanaelewa ukiwaeleza sababu. Likirudi, osha grisi upya.

Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, faiba iliyosagwa isilale nje bila kufunikwa. Inanyonya maji.

Hatua ya 6: Puti laini

Piga msasa boneti nzima namba 120 hadi 180 mpaka mng'ao wote uishe, kingo na ndani ya tundu la hewa pia. Ukifika kwenye kingo utaona vitundu vidogo vya hewa vilivyofunikwa na tabaka jembamba. Vitoboe kwa ncha ya kisu vifunguke vyote. Ukivifunika vikiwa bado na hewa, siku boneti ikipata joto hewa ya ndani inapanuka na kuinua rangi.

Puti changanya juu ya kioo au plastiki. Boksi linanyonya mafuta ya puti na kuiharibu. Hadina ni karibu asilimia 2: gramu 2 kwa gramu 100. Ikizidi, hutokea madoa kwenye rangi. Ikipungua, puti inabaki laini. Kandamiza tabaka la kwanza jembamba sana kwa nguvu liingie kwenye vitundu, kisha ndiyo uongeze. Ukishafika unene wa milimita 2 au 3 na bado kuna bonde, tatizo ni umbo, rudi kwenye nyuzi.

Nyoosha kwa ubao mrefu wa msasa, namba 80 kwanza, kisha 180, ukienda mshazari upande mmoja na kurudi mshazari upande mwingine. Usitumie vidole pekee. Vidole huchimba mifereji usiyoiona mpaka rangi ing'ae. Weka kitambaa chini ya kiganja ukipapase boneti ukiwa umefumba macho. Mkono unaona kuliko jicho.

Puti isipigwe msasa wa maji. Ina unga unaonyonya maji, na maji hayo yatatafuta njia ya kutoka kupitia rangi.

Hatua ya 7: Praima

Praima ya asidi ni ya chuma, haina kazi hapa. Praima ya NC (ya nitroselulosi, isiyo na hadina) nayo huyeyuka upya ikikutana na thina ya rangi na husinyaa, na mikwaruzo yote uliyoifuta inarudi. Tumia praima ya epoksi kwanza kufunga faiba na puti, kisha praima nene ya 2K ya kusawazisha. Futa boneti kwa dawa ya grisi kidogo tu. Usiloweshe faiba iliyo wazi kwa thina, inavimba na mvuke unabaki ndani.

Muda wa kupiga ni alfajiri hadi kama saa 3 asubuhi. Baada ya hapo, hasa miezi ya Juni hadi Oktoba, upepo wa Dodoma unaamka na kuleta vumbi hata ndani ya banda lenye turubai. Mwagia sakafu maji. Toa maji kwenye tangi la kompresa. Hakikisha jirani hapulizi dawa ya kung'arisha dashibodi. Silikoni yake ikitua kwenye boneti, praima inafunguka vishimo vya duara. Juni na Julai asubuhi ni ya baridi na epoksi huchelewa kukauka, kwa hiyo itoe boneti juani kidogo ipate uvuguvugu, kisha irudishe kivulini upige. Usipige juani. Praima hukauka hewani kabla ya kutua na kukaa kama unga.

Piga epoksi mara moja au mbili, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha 2K nene mara mbili hadi tatu, ukiacha dakika 10 hadi 15 katikati. Upande wa chini nao upige praima. Ukiuacha wazi, unyevu na mafuta vitaingia kwa huko.

Kesho yake, puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya praima yote. Piga msasa namba 320 kwa ubao. Weusi utakaobaki unaonyesha bonde. Praima ikianza kutoboka unaonyesha mlima. Vibonde vidogo jaza puti nyembamba na urudie praima hapo. Vikiwa vingi, rudia praima boneti nzima. Ukimaliza na 320, nenda 400, na kama rangi ni ya metaliki malizia 600.

Msasa wa maji unaruhusiwa hapa, kwa sababu praima imefunga. Lakini angalia maji. Visima vingi vya hapa vina chumvi, na yakikauka yenyewe juu ya praima yanaacha unga mweupe. Chumvi hiyo ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu na kuleta malengelenge baada ya mvua chache. Sugulia kwa maji yoyote masafi, lakini suuza ya mwisho kwa maji ya mvua au ya kunywa, na kausha kwa kitambaa kabla hayajakauka yenyewe, kingo na pembe za tundu la hewa pia.

Kuikabidhi kwa mpiga rangi

Kama rangi inapigwa gereji nyingine, usiibebe boneti mikononi kwa pikipiki. Tafuta kirikuu, laza kipande cha godoro, boneti ikae juu yake kwa umbo lake na watu wawili waishike wakati wa kupakia. Praima isifungwe kwa gazeti lililolowa wala nailoni iliyobana. Shuka safi inatosha.

Mwambie mpiga rangi chini kuna nini: epoksi au poliesta, praima gani, imepigwa lini, na puti iko wapi. Ikipita siku kadhaa kabla hajaanza, aikwaruze tena kidogo kwa 600 na kuifuta, kwa sababu praima ya 2K iliyokomaa haishiki rangi bila mikwaruzo mipya. Na kama anatumia chumba cha kukaushia kwa joto, asizidi nyuzi joto 60 za Selsiasi na boneti iwe imeegemezwa kila upande, maana zaidi ya hapo faiba huanza kulegea na nafasi zote ulizopima kwenye madigadi zitahama.